Minyororo ya Kifaru cha Kenol

Nanyuki, Jumapili, kabla ya giza

Nyawira, mama yangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu nakusikia huko jikoni unacheka na mama yako, na mtu anayecheka hivyo ni mzima. Mimi niko huku bandani na nimewaambia nina kazi. Kazi yenyewe ni hii. Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya shangazi wa kumtafuta ukifika, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena kesho, na mara ya mwisho utakuwa umeshaketi ndani ya gari. Sitaki kuyarudia. Nataka kukuambia juu ya minyororo ya kile kifaru cha bati cha mama wa Kenol, kwa sababu mimi na wewe tuliiacha katikati, na tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji wa ploti moja.

Nimeanza barua hii na kuichana, nikaanza tena. Kila nikishika kalamu naanza kukaripia. Nina hasira, Nyawira, lakini si juu yako. Ama si yote juu yako.

Unaenda kujifunza kutengeneza meno ya bandia. Watu wakiniuliza sokoni msichana wangu anaenda kusomea nini, nasema udaktari, halafu najikasirikia njia nzima mpaka nyumbani. Si kweli, na tena meno si kitu cha kuonea aibu. Mzee aliyewekewa sahani ya githeri, mahindi magumu na maharagwe, mbele yake hana haja na daktari, ana haja na meno. Jambo linaloniuma ni lingine. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshabomoa ule ukuta wa upande wa jikoni, nikaliongeza banda, nikakuwekea meza yako mwenyewe chini ya dirisha. Nilijua hata rangi ya meza. Wewe hukuambiwa neno. Ulipopata nafasi ya chuo ukafurahi, mimi nikanuna, na hukujua nanunia nini. Ungejuaje?

Nianzie mbali kidogo. Unajua nilikotoka, lakini unajua vipande vipande.

Miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, nikiwa kijana asiye na kazi, nilipata kibarua upande wa Timau kwenye mashamba ya ngano. Watu hudhani nilikuwa dereva wa tingatinga tangu mwanzo, na mimi huwaacha wadhani hivyo. Nilikuwa mwoshaji. Dereva alikuwa mtu wa Meru, jina lake Kirimi, mnene wa mwili na mwembamba wa maneno. Jioni anazima injini, anashuka, ananipa kijiti na ndoo ya maji, anasema, "Minyororo." Basi. Mimi nalala chini ya ile chuma, nachokoa matope kutoka kila kiungo cha ile minyororo ambayo mashine hutembelea, kwa maana yakikaukia humo usiku, na baridi ya Timau unaijua, asubuhi inakataa kuzunguka. Nilichokoa mpaka kucha zikawa nyeusi kama za nguruwe.

Ndiyo sababu naijua minyororo. Najua kwamba mahali inapokanyaga ardhi hung'aa kama kijiko, hata ikishinda wiki nzima kwenye matope, kwa sababu mawe na mchanga huisugua. Kutu haipati pa kukaa pale. Kutu hujificha kwenye pembe, karibu na pini zinazounganisha viungo, na hutokea mashine ikisimama Jumamosi na Jumapili. Jumatatu mchana huioni tena isipokuwa kule kwenye pembe. Haya yote niliyajua kabla mama yako hajanijua mimi.

Baadaye Kirimi alinifundisha kuendesha. Alinifundisha kwa kunipiga vidole. Nikishika wenzo wa kushoto ulipotakiwa wa kulia, kofi. Nikimwuliza kwa nini, anasema, "Angalia." Nimekosa nini? "Angalia." Nilikuwa nikilala kwenye hema nimevimba vidole, najiapia kwamba siku nitakapokuwa na mtu wa kumfundisha, nitamfundisha kwa mdomo, kama binadamu.

Pini ya mnyororo iliponivunja hivi vidole viwili vya mkono wa kushoto, nilirudi Nanyuki. Nikaanza kukata mabati na mikebe mitupu, natengeneza vigari vya kuchezea, nauza pale kwenye kibao cha ikweta ambapo wageni husimama kupigwa picha. Halafu vifaru vya jeshi vikaanza kupita mjini vikiwa vimebebwa juu ya malori makubwa, watoto wakavifuata wakipiga kelele, na wale askari wa kigeni wanaokuja huku kwa mazoezi wakaanza kuniuliza kama naweza kutengeneza kifaru. Nikatengeneza. Minyororo nilikunja ukanda wa bati nikaupaka rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria mpya ya bibi harusi.

Ulikuwa bado hujang'oa meno ya utoto uliponiuliza, "Baba, mbona kifaru kimevaa viatu vya Krismasi?"

Nikakuambia mnunuzi anapenda kung'aa. Na ni kweli, mnunuzi wa ikweta anapenda kung'aa. Lakini mimi nilijua kwamba hakuna mnyororo wa namna hiyo duniani, na nikaendelea kuupaka rangi hiyo mwaka baada ya mwaka. Mtu akifanya kitu anachojua si sawa, akakifanya kwa muda mrefu, huanza kuwachukia wanaomkumbusha. Wewe ulinikumbusha mapema mno.

Sasa mama wa Kenol. Ulikuwepo alipokuja, likizo ya Aprili, mvua imeanza. Alisimama pale mlangoni na leso begani, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Ni wewe unatengeneza vifaru?"

"Ni mimi, mama. Karibu kiti."

"Sikai," akasema. "Nikikaa nitalia, na sikutoka Kenol kuja kulia."

Akatuambia akiwa amesimama vivyo hivyo. Mwanawe, Njoroge, alikuwa dereva wa kifaru jeshini. Hakufa vitani wala hakupata ajali. Alishikwa na homa ya mapafu akiwa nyumbani likizo, ikamchukua. "Wenzake walikuja kumzika," akasema. "Waliongea vizuri, ati alikuwa dereva hodari. Mimi nawaangalia tu. Sijawahi kuona hiyo kitu alikuwa anaendesha. Niko na picha, lakini kwa picha ni vumbi na moshi. Nataka kitu naweza kushika."

Mimi nilikuwa natafuta neno la kumwambia. Wewe ukaenda moja kwa moja: "Mama, chake kilikuwa kisafi ama kichafu?"

Nilitaka kukufinya. Lakini yeye akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Kichafu! Akija nyumbani ni malalamiko ya matope tu. Ati anachokoa hiyo minyororo mpaka mgongo unakataa kunyooka."

Mgongo wangu ulimsikia. Nikamwambia arudi baada ya miezi michache, kitakuwa tayari. Alisema anakihitaji kwa maombi ya kumkumbuka Njoroge, mwaka wake ukitimia.

Unakumbuka tulivyoanza vizuri? Nilikuambia hiki si cha ikweta, hiki kitakuwa na minyororo ya kweli, kiungo kwa kiungo. Tukayeyusha risasi ya betri za zamani, tukamimina kwenye kiolezo cha udongo wa mfinyanzi, kila kiungo kama punje ya mahindi. Pini tulikata kutoka waya wa breki ya baiskeli. Wewe uliviunga viungo vile kama mtu anayetunga shanga, ulimi nje, na mimi nikawa najifanya natafuta msasa ili nikutazame. Wiki ile mama yako alituletea chakula bandani kwa sababu tulikuwa hatusikii tukiitwa.

Halafu ikaja rangi, na rangi ikatushinda.

Nilipaka nyeusi, kesho yake ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nikaenda dukani nikagombana na muuzaji, akaniuzia mkebe mwingine akiapa kwa jina la mama yake. Ikatoka. Nikaanika minyororo karibu na jiko la makaa ili rangi ishike kwa moto, ikafanya malengelenge kama mtu aliyeungua. Wakati huo mimi nilikuwa siongeleki. Hata paka alihama banda.

Ukaniambia, polepole, "Baba, hii risasi iko na mafuta ya mikono yetu. Tuioshe na sabuni, tuikwaruze na msasa kidogo, halafu tuweke rangi nyembamba ya kwanza, tungoje."

"Mimi napaka rangi kabla hujazaliwa," nikasema.

Hukubishana. Ulichukua kipande kifupi kilichobaki, ukakiosha, ukakipaka, ukakiacha dirishani. Niliona umekiacha hapo makusudi. Ulipoenda shamba nikakikwaruza kwa ukucha. Hakikutoka kitu. Nikakikwaruza kwa msumari. Kimeshika. Uliporudi nikakuambia, "Haya, fanya zote." Nyawira, hiyo ndiyo sifa niliyokupa. Nilikuwa nimeshindwa karibu mwezi mzima, wewe ukaweza, na mimi nikasema haya, fanya zote, kama ninayekutuma dukani.

Ukafanya zote. Kisha, nilipokuwa nashinda ikweta, ukaanza kuichakaza ionekane imefanya kazi. Ulikwangua kutu kutoka majembe ya zamani ya bibi yako, ukaisaga, ukaichanganya na rangi na mafuta ya taa. Najua ulivyotaabika, mama yako aliniambia, ingawa mimi nilijifanya sisikii. Siku niliporudi nikiwa sijauza hata kigari kimoja, mvua imenipiga njia nzima, nikaingia bandani nikakuta minyororo yote, juu chini, imekuwa rangi ya machungwa kama mabati ya choo cha shule.

Nilijua mara moja ni nini kimekosea. Nilikuwa nakijua tangu Timau. Ningekuambia kwa sentensi moja. Badala yake nilichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikaanza kufuta.

"Baba, unafanya nini?"

"Natoa."

"Unatoa nini? Niambie kwanza ni nini imekosea."

"Angalia," nikasema.

Neno lenyewe lilinitoka kwa sauti ya Kirimi. Nilijisikia, na sikuacha kufuta. Nilifuta kazi yako ya siku nyingi huku umesimama hapo, na ile rangi nyeusi ya chini pia ikaanza kutoka, ile iliyotutesa, na bado sikuacha, kwa sababu mtu akishaanza kukosea mbele ya mtoto wake huona heri amalize kuliko asimame. Ulikuwa na brashi mkononi. Ningefurahi kama ungenitupia. Uliiosha, ukaikausha, ukaiweka mahali pake, ukatoka. Tangu siku ile umeingia bandani humu kuniita chakula tu, na unaniitia mlangoni.

Kabla sijarekebisha chochote mama wa Kenol akaja, mapema kuliko nilivyotegemea. Wewe ulikuwa shule. Nikamwambia, "Mama, hakijaisha."

"Kinakosa nini?"

"Minyororo."

Akainama, akatazama. Ilikuwa na madoadoa, huku nyeusi, huku risasi tupu, huku machungwa yamebaki kwenye mashimo. Niliona haya kama niliyeonekana bila suruali. "Mimi naona minyororo iko," akasema. Akakifunga kwenye leso kama mtoto, akaenda nacho.

Jioni ukakuta meza tupu. "Alisema nini?"

"Alichukua," nikasema.

Ulingoja niongeze. Sikuongeza. Na baada ya hapo ikawa mitihani, ikawa majibu ya mitihani, ikawa chuo, ikawa nyumba nzima ni Nyawira anaenda, Nyawira anaenda, na mimi na wewe hatujaongea.

Sasa nakuja kwa lile usilolijua.

Minyororo ile ilinikosesha raha. Kitu kibovu chenye mkono wangu kilikuwa ndani ya nyumba ya watu Kenol, watu wamekuja kwa maombi, wamekiona. Nikaamua kutengeneza minyororo mingine nikaibadilishe. Zile jioni mama yako alizokuambia nina maagizo ya wateja, sikuwa na agizo lolote. Nilimimina viungo upya. Niliviosha kwa sabuni. Nilivikwaruza kwa msasa. Nilipaka rangi nyembamba nikangoja, kama ulivyosema. Kisha nikatia kutu kwenye pembe za pini tu, kidogo sana, na mahali pa kukanyagia nikapasugua kwa unga wa penseli mpaka pakang'aa. Vumbi la kutu nililichekecha kwa kile kichujio cha chai ambacho mama yako amekitafuta nyumba nzima. Usimwambie. Nitanunua kingine.

Mara nyingi nilitaka kukuita uone. Kuna siku nilifika mpaka mlango wa jikoni, ukainua kichwa kutoka kwenye kitabu, ukanitazama vizuri, nikaona nafasi iko. Nikasema, "Kuna chai?" Ukanipa chai. Nikarudi nayo bandani nikaiacha ipoe. Unaona baba uliye naye?

Wiki iliyopita niliwaambia naenda Karatina kununua rangi. Nilienda Kenol. Minyororo nilikuwa nayo kwenye mkebe, nimeilaza juu ya pamba kama mayai. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nakuambia bila kujisifu, kwa maana nusu yake ni yako.

Nyumba yake iko nyuma ya maduka ya njia panda, unapita wauza ndizi unashuka kidogo. Nilimkuta akichambua maharagwe mlangoni.

"Fundi! Umepotea njia?"

Nikamwambia nimekuja kuona kile kifaru. Akanikaribisha ndani. Juu ya kabati nikaona picha ya Njoroge na magwanda yake, kitambaa cha kufuma, maua ya plastiki. Kifaru hakuna. Nikajua amekificha kwa aibu, ama amekitupa.

"Kiko wapi, mama?"

"Kiko kazini," akasema, na akanionyesha nyuma ya nyumba.

Kulikuwa na kitoto cha kike, kinaitwa Wambui, mtoto aliyeachwa na Njoroge. Amekifunga kifaru kamba ya katani na anakivuta. Anakipitisha pale wanapomwaga maji ya kufulia, kwenye ule udongo mwekundu wa kwao, kisha anakipandisha juu ya mawe, kisha anakivuta kwenye saruji ya veranda, krr, krr, kisha anarudi matopeni. Mtutu umepinda kuelekea mbinguni. Rangi ya kijani imechubuka kila upande.

"Wee mtoto!" nikapaza sauti.

Akasimama. Hakuogopa. Alinitazama tu kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia shamba lisilo lake.

"Mwache," mama wa Kenol akasema nyuma yangu. "Niliweka kwa kabati. Akawa analala hapo chini ya kabati analia. Ati hiyo ni gari ya baba, na gari haikai kwa kabati. Nikaona ako na maana. Nikamtolea."

Nikamwomba Wambui nikione kidogo. Akakubali, lakini kamba hakuiachilia, kwa hiyo nikapiga magoti hapo hapo kwenye maji ya sabuni, yeye ameshika kamba, mimi nimeshika kifaru.

Nikaigeuza ile minyororo juu.

Nyawira, pale inapokanyaga ilikuwa inang'aa kama kijiko. Saruji na mawe yamesugua madoadoa yangu yote yakaisha. Kwenye mapengo ya viungo umejaa udongo mwekundu, uliokauka ukapasuka kama unavyopasuka wenyewe. Zile pini za waya wa breki zimeshika kutu kwenye ncha, kutu ya kweli, kidogo, mahali pake hasa. Na ndani kabisa kwenye pembe, kule kitambaa changu kilikoshindwa kufika, ile rangi yako ya machungwa ilikuwa bado ipo, imetulia, na sasa haikuwa nyingi tena. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Ningelala chini ya mnyororo ule na kijiti na ndoo nisijue ni wa kuchezea.

Nilikasirika mara mbili mahali pamoja. Kwanza, kwa sababu mtoto alikuwa anakiharibu. Kisha, kwa sababu hakukiharibu, na mimi nilikuwa nimeinamia meza miezi yote ile nikikitafuta kitu ambacho yeye amekipata kwa kamba ya katani. Mkebe ulikuwa mfukoni mwa koti. Sikuutoa.

"Ni wewe ulitengeneza gari ya baba?" Wambui akaniuliza.

"Ni mimi na msichana wangu."

"Ako wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Mbona hukukuja na yeye?"

Nimewahi kuulizwa maswali na maofisa wa barabara, na polisi, na baba ya mama yako siku ya mahari. Hakuna aliyenibana namna ile. Nikasema una shughuli, unajiandaa kwenda chuo. Wambui akasema, "Mwambie inakwama sana hapa mbele," akanionyesha gurudumu moja lililokaza. Nikalilegeza kwa kisu changu. Akaondoka na kifaru chake hata bila kusema asante, na ndivyo inavyotakiwa.

Ndizi mlizokula Jumatano zilitoka kwa mama wa Kenol, si Karatina.

Ile minyororo mipya niliiyeyusha. Mama yako aliponiuliza harufu ya risasi inatoka wapi usiku ule nikamkaripia. Hata sasa sijui kama nilifanya vizuri. Pengine ningekuachia wewe uione kwanza. Ona, hata katika kurekebisha nimefuta tena. Mkono wangu ni wa kufuta, Nyawira. Nimeushika kwa nguvu maisha yangu yote na bado unanitoroka.

Huko unakoenda utakutana na akina Kirimi. Wapo kila chuo, na wengine watakuwa na makoti meupe. Utatengeneza jino, mtu atalichukua mkononi mwako atalitupa, atasema angalia. Siku ile bandani wewe uliuliza swali zuri kuliko yote niliyosikia humu: niambie kwanza ni nini imekosea. Usije ukaliacha kwa sababu mimi sikulijibu. Nilikuwa na jibu, ndilo linaloniuma. Nilikuwa nalo mdomoni.

Jibu ni hili. Kutu yako ilikuwa nzuri, nzuri kabisa, ila ilifika mpaka pale panapokanyaga, na pale haikai. Basi. Ni hayo tu. Ungeifuta mwenyewe kwa kidole, tukaenda kula.

Kesho asubuhi nitakuwa mkali. Nitamkaripia mtu wa mizigo, nitakukaripia wewe kwamba mnachelewa, na mama yako atasema mbona hata leo. Usidhani barua hii iliandikwa na mtu mwingine. Ni yule yule, ila kwenye karatasi naweza kurudi nyuma nikakata neno kabla halijakufikia.

Ukifunga chuo Desemba, kabla ya kumaliza chai ya kwanza, tutapanda gari mimi na wewe twende Kenol. Mtoto yule aliuliza uko wapi, na mimi nataka safari hii nimjibu kwa kukusimamisha mbele yake.

Baba yako,
Mwangi